Sheria za kimataifa shahada ya kwanza: nisome hapa nyumbani au niende Uholanzi?

Swali: Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na nimepata daraja la kwanza. Ninachotaka kusoma ni sheria za kimataifa: mipaka ya nchi, wakimbizi, mahakama za The Hague na Arusha. Vyuo vyetu naona vina LL.B (shahada ya kwanza ya sheria) tu, na nikiangalia orodha ya masomo ni ardhi, mikataba, ndoa na jinai. Uholanzi kuna shahada yenyewe hasa, Sheria za Kimataifa na za Ulaya, na inafundishwa kwa Kiingereza. Mjomba wangu yuko tayari kunilipia mwaka wa kwanza. Niende? Na nikimaliza, kazi ipo? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Hongera kwa matokeo. Nikujibu kabisa kabla ya maelezo: soma LL.B hapa nchini, pita Law School (shule ya mafunzo ya vitendo ya uwakili), halafu shahada ya uzamili ndiyo uifanye ya sheria za kimataifa. Kwenda Uholanzi kwa shahada ya kwanza kunamfaa mtu mwenye uhakika wa fedha za miaka yote, na ambaye ameamua kwa akili timamu kwamba uwakili wa Afrika Mashariki haumhusu. Wewe una fedha za mwaka mmoja, na kuhusu uwakili hukusema lolote, pengine kwa sababu hakuna aliyekuambia kwamba mlango huo unaweza kujifunga.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Vyuo vingi duniani havina shahada ya kwanza inayoitwa ya sheria za kimataifa. Vina shahada ya sheria, na ndani yake sheria za kimataifa ni somo moja la lazima pamoja na mengine ya hiari. Vilevile usiichanganye na shahada ya Uhusiano wa Kimataifa na Diplomasia, kama ile ya Chuo cha Diplomasia cha Dkt. Salim Ahmed Salim pale Kurasini. Hiyo inamfaa anayetaka kuwa afisa wa mambo ya nje, lakini ni masomo ya siasa, uchumi na itifaki. Haikupi sifa ya kuingia Law School, na nafasi ikitangazwa ya Afisa Sheria, hutaitwa kwenye usaili.

Sasa hayo masomo unayoyakimbia. Chukua sheria ya mikataba, ile ya mtu na mtu. Mwaka wa kwanza utafundishwa makubaliano yanapatikanaje, na lini yanabatilika kwa sababu ya kosa, udanganyifu au vitisho. Miaka miwili baadaye utaufungua Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 unaohusu sheria ya mikataba baina ya nchi, na vifungu vya 48 hadi 52 vitakuwa mada hizohizo: kosa, udanganyifu, kumhonga mwakilishi wa nchi, kumtishia mwakilishi, na kuishurutisha nchi yenyewe kwa mabavu. Mwanafunzi aliyeielewa mikataba ya kawaida huvisoma vifungu hivyo jioni moja. Asiyeielewa hukariri, na mtihani ukigeuza swali kidogo tu hana pa kushika.

Ndivyo ilivyo kwa sheria ya madhara (makosa ya kiraia yanayodaiwa fidia, kama uzembe) na wajibu wa nchi kwa makosa yake, na kwa ushahidi na namna Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, inavyopima ramani na barua za zamani. Jinai ndiyo usiisome juujuu. Hukumu ya Akayesu iliyotolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza ambayo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, imesimama juu ya dhamira: je, mshtakiwa alikusudia kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake, kwa sababu tu ni kundi hilo? Kama hujafundishwa kutofautisha kitendo na dhamira katika kesi ya kawaida ya mauaji, utaisoma hukumu ile kama habari ya kusikitisha, na sehemu ya sheria itakupita.

Kuna sababu nyingine ya kuijua vizuri sheria ya nyumbani. Mkataba wa kimataifa haufanyi kazi kwa namna moja kila nchi. Kenya, Katiba ya 2010, Ibara ya 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Kongo, Katiba ya 2006, Ibara ya 215, inaupa mkataba ulioridhiwa na kutangazwa nafasi ya juu kuliko sheria za bunge. Tanzania, Ibara ya 63(3)(e) inalipa Bunge kazi ya kuridhia, lakini ili mwananchi autumie mkataba moja kwa moja mahakamani, kwa kawaida itungwe kwanza sheria ya kuutekeleza. Wakili wa Dar es Salaam anayesimama mbele ya jaji akinukuu mkataba pekee, bila sheria ya nchi inayoubeba, ameanza vibaya. Chuo cha ng'ambo hakitakufundisha hili kwa kiwango unachohitaji, na wala hakina sababu ya kukufundisha.

Uholanzi: unachokilipia

Shahada unazoziona ni za kweli, na vyuo vyake vinaheshimika. Chuo Kikuu cha Groningen kina LL.B ya Sheria za Kimataifa na za Ulaya ya miaka mitatu, krediti 180. Chuo cha sayansi tumizi cha The Hague kina ya miaka minne, krediti 240, yenye mafunzo kazini ndani yake. Kwa hesabu ya Uholanzi krediti moja ni saa 28 za kazi, kwa hiyo mwaka wa krediti 60 ni saa 1,680, darasani na mezani kwako. Si masomo ya kuchanganya na kazi za usiku.

Angalia tena jina la shahada: za Kimataifa *na za Ulaya*. Sehemu kubwa ya masomo ni sheria za Umoja wa Ulaya, yaani soko la pamoja, ushindani wa biashara, uhuru wa wafanyakazi kuhama, Mahakama ya Luxembourg. Kwa atakayeishi na kufanya kazi Brussels ni mali. Kwa atakayerudi Tanga, theluthi ya juhudi zake inaweza kukaa kabatini, ingawa mtu akitaka kulinganisha na Jumuiya ya Afrika Mashariki atapata la kuandika.

Kubwa zaidi ni hili: shahada hizo za Kiingereza, kwa zenyewe, hazimpi mhitimu sifa ya kuwa wakili hata hukohuko Uholanzi. Zimeundwa zikuelekeze kwenye shahada ya uzamili na ajira za mashirika. Ukirudi nyumbani, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, itakitathmini cheti chako, na wanaosimamia elimu ya uanasheria watataka kuona umesoma masomo ya msingi ya mfumo wetu wa kisheria tuliorithi kwa Waingereza. Kenya wameyaandika waziwazi: sheria yao ya elimu ya sheria ina masomo 16 ya lazima, yakiwemo ushahidi, ardhi, usawa na amana, familia na mirathi. Sheria za kimataifa ni mojawapo tu ya hayo 16. Mwenye shahada ya Uholanzi atakuta pengo kubwa, na kuliziba ni kurudi darasani.

Fedha nazo. Ada ya mwanafunzi asiye wa Umoja wa Ulaya ni mara kadhaa ya anayolipa mwenyeji, na kibali cha kuishi kinadai uonyeshe mapema kwamba una matumizi ya miezi 12. Halafu, mwanafunzi mwenye kibali hicho anatakiwa apate angalau nusu ya krediti za kila mwaka, la sivyo chuo kinawajibika kutoa taarifa kwa idara ya uhamiaji. Chuo chenyewe pia huweka kiwango chake mwaka wa kwanza, mara nyingi kati ya krediti 40 na 50 katika zile 60. Ukishindwa, unaondolewa kwenye programu. Mtu aliyetoka mfumo wa mtihani mmoja wa mwisho, akaingia mfumo wa majaribio kila baada ya wiki chache kwa lugha ya kitaaluma ambayo hajaizoea, anaweza kuteleza muhula wa kwanza bila uvivu wowote. Mjomba amelipa mwaka mmoja. Mwaka wa pili nani analipa? Mkopo wa Bodi ya Mikopo unaouomba baada ya kidato cha sita ni wa vyuo vya hapa nchini. Kurudi na krediti 60 za sheria ya Ulaya, bila shahada, ni hasara ambayo vyuo vya hapa havitaweza kukufidia; huenda ukaanza upya mwaka wa kwanza.

Kama bado unataka kwenda, andika barua pepe tatu kabla mjomba hajalipa hata senti. Ya kwanza TCU: je, shahada hii kutoka chuo hiki inatambuliwa? Ya pili Law School: mhitimu wake anaingia, na akipungukiwa masomo gani anayafidia wapi? Ya tatu chuo chenyewe: wahitimu wenu wa kutoka Afrika Mashariki wangapi wamesajiliwa mawakili kwao? Majibu yaje kwa maandishi. Wakala wa vyuo akikujibu kwa niaba ya TCU, hilo si jibu.

Njia ya nyumbani

Kiwango cha chini cha TCU kwa kidato cha sita ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Lakini sheria ina ushindani, hivyo usikitegemee kiwango cha chini. Kwa daraja lako nafasi unayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria, na mpaka leo maktaba yake ya sheria inakufaa sana kwa mambo ya Afrika. Mzumbe, Makumira, Mtakatifu Agustino, Chuo Kikuu Huria na Zanzibar University nako kuna LL.B. Kabla ya kuchagua, usiulize tu jina la chuo. Omba orodha ya masomo ya hiari ya mwaka wa tatu na wa nne, na uulize yapi *yamefundishwa kweli* miaka miwili iliyopita. Somo kuwa kwenye kijitabu na mwalimu kuwa darasani ni mambo mawili tofauti.

Miaka miwili ya mwanzo usiwe na haraka. Mfumo na mbinu za sheria, katiba, jinai, mikataba, madhara, ardhi, utawala, ushahidi: haya yapate alama B na kuendelea, kwa sababu vyuo vya uzamili na wafadhili huangalia wastani wa jumla. Sheria za kimataifa zikishaanza, chagua zinazoshikana. Ukitaka mipaka na bahari, chukua sheria ya bahari, mazingira na nishati. Ukitaka wakimbizi, chukua haki za binadamu, sheria ya wakimbizi na sheria za vita. Ukitaka biashara, chukua uwekezaji, usuluhishi na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Anayechota moja huku na moja kule humaliza akiwa na utangulizi wa kila kitu.

Tasnifu ya mwaka wa mwisho ndiyo silaha yako ya kwanza ya kuombea nafasi, na wengi huiharibu kwa mada pana. "Nafasi ya Umoja wa Mataifa katika kulinda amani" itakupa kurasa za maneno ambayo kila mtu ameshayaandika. Bora uandike kuhusu ukomo wa miezi miwili wa kufungua shauri. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kifungu cha 30(2), unamtaka mwananchi afungue shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee au akijue. Mahakama imekataa kuurefusha, hata mtu akidai uvunjaji bado unaendelea. Hapo kuna swali la kweli, kuna hukumu za kusoma, na mahakama yenyewe iko Arusha. Mada nyingine nzuri ni msimamo wa Nyerere wa mwaka 1961 kuhusu mikataba ya wakoloni: Tanganyika iliipa mikataba ya nchi mbili miaka miwili ya kuendelea kutumika, na ambao haukufanywa upya ndani ya muda huo ungekoma, isipokuwa kama sheria ya desturi inaubakisha. Mwaka 1962 serikali ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba Mkataba wa Maji ya Nile wa 1929 hauifungi Tanganyika. Wanazuoni wa dunia nzima wanauita Msimamo wa Nyerere hadi leo. Mwanafunzi wa Kitanzania ana kila sababu ya kuujua kuliko wao.

Namna ya kusoma, na wanapoanguka wengi

Kila kitu kinaanzia Kifungu cha 38(1) cha Hati ya ICJ: mikataba, desturi za kimataifa, kanuni za jumla za sheria, na kama vyanzo saidizi, hukumu na maandishi ya wanazuoni. Kukikariri ni kazi ya dakika kumi. Kukitumia ndiko kunakotenganisha A na C. Nikuonyeshe kwa swali dogo: *je, Tanzania inafungwa na katazo la utesaji?*

Mwanafunzi mwenye haraka ataandika, "Ndiyo, kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji wa mwaka 1984," na amekosea. Nenda kwenye tovuti ya hazina ya mikataba ya Umoja wa Mataifa, fungua mkataba huo, shuka hadi jedwali la nchi. Utaona safu ya kutia saini na safu ya kuridhia au kujiunga. Kenya ipo, ilijiunga 1997. Tanzania haimo. Kwa hiyo mkataba huo haututumikii. Usisimame hapo. Tafuta mikataba mingine yenye katazo hilohilo: Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, Tanzania ilijiunga 1976, kifungu cha 7, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, Tanzania iliuridhia 1984, kifungu cha 5. Hapo tayari umefungwa mara mbili. Kisha nenda kwenye desturi: katika kesi ya Ubelgiji na Senegal ya mwaka 2012, ICJ ilisema katazo la utesaji ni sehemu ya desturi za kimataifa na limekuwa kanuni isiyovunjika. Mwisho rudi nyumbani: Katiba ya Tanzania, Ibara ya 13(6)(e), inakataza utesaji. Jibu bado ni "ndiyo", lakini sasa limesimama juu ya miguu minne, na umemwonyesha msahihishaji kwamba unajua kukagua.

Ukaguzi wa mkataba una mambo manne ambayo usiyaruke: nchi imetia saini tu au imeridhia, mkataba ulianza kutumika lini, na kwa nchi hiyo lini, imeweka tamko lolote la kujitoa kwenye kifungu fulani, na kama tukio la kesi lilitokea kabla au baada ya tarehe hizo. Makosa mengi ya mitihani yako kwenye la nne.

Kwa desturi, kumbuka nguzo zake ni mbili: mwenendo wa nchi, na nchi kuamini kwamba zinafanya hivyo kwa kuwa sheria inazitaka. Ukitaja mwenendo ukaiacha imani, jibu ni nusu. Na azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa kawaida halifungi nchi. Linaweza kuwa ushahidi wa imani hiyo, basi. Yanayofunga ni maamuzi ya Baraza la Usalama, hasa yale yaliyotolewa chini ya Sura ya VII ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa.

Kosa jingine ni kuruka mamlaka ya mahakama. ICJ yenye majaji 15 husikiliza nchi kwa nchi, na zote mbili lazima ziwe zimekubali. ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, hushtaki watu binafsi kwa Mkataba wa Roma, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2002. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, humpokea mwananchi moja kwa moja pale tu nchi yake ilipotoa tamko maalum. Tanzania iliwasilisha notisi ya kuondoa lake Novemba 2019, na kuondoka huko kukaanza kutumika Novemba 2020. Mahakama hiyo humtaka mlalamikaji awe amemaliza kwanza njia za mahakama za nyumbani. Ya Afrika Mashariki haimtaki hivyo, lakini ina ile miezi miwili. Wakili asiyeijua tofauti hii anaweza kumpeleka mteja mlango usio wake, na akiuona mlango wa kweli ukomo umeshapita.

Hukumu moja uisome yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kabla hujaingia mwaka wa tatu: Somalia dhidi ya Kenya, tarehe 12 Oktoba 2021. Ni ya ICJ kuhusu mpaka wa bahari, ya pwani yetu, na inafundisha mambo mengi kwa mpigo. Soma kwanza ile ya pingamizi la awali ya Februari 2017, uone Kenya ilivyosema hati ya maelewano ya 2009 inaizuia mahakama, na mahakama ilivyoitambua hati hiyo kuwa mkataba halali lakini ikakataa kwamba inawazuia kusikilizwa. Halafu rudi kwenye hukumu ya 2021. Kenya ilidai mpaka uende na mstari wa latitudo, kwa kuwa ilikwisha utangaza 1979 na Somalia ikanyamaza. Hoja ni je, kunyamaza ni kukubali? Mahakama ikasema hapa hapana. Kunyamaza kunahesabika pale tu ushahidi unapoonyesha wazi na kwa mfululizo kwamba upande wa pili uliukubali mpaka huo.

Baada ya hapo inakuja hesabu yenyewe, kwa hatua tatu. Unachora mstari wa muda, kila nukta yake ikiwa na umbali sawa kutoka pwani zote mbili. Unauliza kama kuna hali ya kijiografia inayoufanya usiwe wa haki. Kisha unapima kama eneo ambalo kila nchi imepata limepishana mno na urefu wa pwani yake. Mahakama iliona pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania ikitazamwa kwa pamoja imebonyea, na Kenya inabanwa katikati, ikausogeza mstari kidogo kuelekea kaskazini. Chukua ramani, rula na penseli ujaribu mwenyewe kuzichora hatua hizo ukisoma. Halafu jiulize kwa nini mkataba wa mpaka kati ya Kenya na Tanzania, unaofuata latitudo, haukuifunga Somalia. Ukiweza kulijibu hilo kwa aya moja, umeelewa kwamba mkataba haumfungi asiyekuwemo.

Kwa mitihani ya maswali ya visa, tumia mpangilio uleule wa sheria nyingine: hoja ni ipi, kanuni ni ipi na inatoka wapi, inatumikaje kwa ukweli huu, hitimisho. Sehemu kubwa ya alama iko kwenye kutumia. Wengi hujaza kurasa mbili za kanuni, na ukweli wa kisa hawaugusi.

Nje ya darasa

Ingia kwenye mashindano ya mahakama ya mfano mapema, mwaka wa pili ukiweza, hata kama ni mtafiti wa timu tu. Jessup, yaliyoanza 1960, yanaiga ICJ: timu ya watu wawili hadi watano, inaandika hoja za pande zote mbili za kisa kimoja, kisha wasemaji wawili wanapewa jumla ya dakika 45 mbele ya majaji wanaowakatiza kwa maswali. Ya Chuo Kikuu cha Pretoria, yaliyoanza 1992, yanahusu haki za binadamu Afrika. Kuandika upande usioupenda kutakufundisha sheria kuliko muhula mzima wa mihadhara. Timu huharibikiwa mahali pamoja: wanaanza kuandika kabla ya kukubaliana hoja zenyewe, na wiki ya mwisho sura mbili zinapingana.

Kifaransa anza mwaka wa kwanza. Lugha rasmi za ICJ ni Kiingereza na Kifaransa, lugha za kazi za ICC ni hizohizo, na jirani zetu wa Kongo na Burundi wanatumia mfumo wa sheria waliorithi kwa Wabelgiji, unaoandikwa kwa Kifaransa. Dar es Salaam na Arusha kuna Alliance Française. Lenga kiwango cha B2 (juu ya wastani, cha kusoma na kujadili bila shida) ndani ya miaka minne. Saa tano kwa wiki, bila kuruka, zinatosha. Mwenye LL.B, uwakili, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa cha kusomea hukumu ni mtu adimu ukanda huu.

Vifaa vingi ni bure. Maktaba ya mihadhara ya video ya Umoja wa Mataifa kuhusu sheria za kimataifa haina malipo, na ina wanazuoni na majaji wenyewe wakifundisha. Tovuti ya ICJ ina muhtasari wa kila hukumu. Usome kwanza muhtasari, ndipo uiendee hukumu. Kwa hukumu za hapa kuna TanzLII, na kwa Kenya, Kenya Law.

Kazi

Ipo, ila mara nyingi haiitwi "mwanasheria wa kimataifa". Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali hupitia mikataba kabla nchi haijafungwa nayo. Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoanzishwa 2018, huitetea nchi mahakamani na kwenye usuluhishi wa wawekezaji, ambako kesi moja inaweza kudai mamilioni ya dola. Soma Biwater Gauff dhidi ya Tanzania, hukumu ya 2008 kuhusu maji ya Dar es Salaam: nchi ilionekana imekiuka mkataba wa uwekezaji, lakini mdai hakupewa fidia hata shilingi kwa kuwa hakuthibitisha hasara iliyotokana na ukiukaji huo. Kuna Wizara ya Mambo ya Nje, kuna Sekretarieti ya Jumuiya na mahakama zilizopo Arusha, kuna mashirika yanayowahudumia wakimbizi Kigoma, kuna kampuni za mawakili zenye wateja wa gesi, madini na meli. Nyingi kati ya hizi humpendelea aliyesajiliwa kuwa wakili.

Umoja wa Mataifa una masharti yake. Mpango wa vijana wataalamu huchukua wenye shahada ya kwanza wasiozidi miaka 32, lakini kwa raia wa nchi zilizotajwa mwaka huo tu, kwa hiyo uangalie orodha kila mwaka. Nafasi za kawaida za maafisa wa sheria hutaka shahada ya uzamili, au shahada ya kwanza yenye miaka zaidi ya uzoefu. Mafunzo kazini ya Sekretarieti yake hupokea walio mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, au waliohitimu karibuni, na hayalipi posho. Geneva au New York bila posho ni mzigo mzito. Kwa taasisi zilizopo Arusha unaweza kuishi kwa ndugu.

Ukihitimu LL.B, ukamaliza Law School na kupeleka maombi kwa Jaji Mkuu uandikishwe kuwa wakili, fanya kazi mwaka mmoja au miwili ndipo uombe uzamili. Ufadhili wa Uholanzi, Uingereza na kwingineko ni mwingi zaidi kwa uzamili kuliko kwa shahada ya kwanza, programu nyingi ni za mwaka mmoja, na hapo The Hague unayoitamani utaifikia ukiwa na kitu cha kulinganisha.

Kuhusu fedha za mjomba, mwombe akuwekee. Sehemu ilipie kozi ya Kifaransa na kompyuta ya kusomea, sehemu isubiri gharama za Law School, maana mwaka ule hushtua familia nyingi ambazo zilidhani safari imekwisha kwenye mahafali ya LL.B. Maombi ya vyuo hufunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha sita, kwa awamu. Peleka yako awamu ya kwanza, na chuo unachokitaka kuliko vyote kiwe namba moja.